Jinsi ya kuona ioni zikijipanga ukutani: mwongozo wa vimiminika vya ioni

Dondosha tone la kimiminika cha ioni juu ya kipande cha ulanga (maika) kilichobanduliwa sasa hivi, shusha ncha ya AFM (hadubini ya nguvu za atomu, inayopima nguvu kwa ncha kali sana) taratibu kabisa kuelekea chini, afu angalia grafu ya nguvu. Kama ulitegemea mstari laini unaopanda polepole utashangaa, manake haupandi hivyo. Nguvu inapanda, ncha inagoma, ghafla inatumbukia kama nusu nanomita hivi, inagoma tena, inatumbukia tena, na kila inavyousogelea ulanga ndo inagoma zaidi mpaka mwisho haiendi popote. Zile ngazi ndio matabaka ya ioni. Kitu ambacho kwenye chupa kinatiririka tu, pale ukutani kimekaa safu kwa safu. Mwongozo huu ni wa namna ya kuzipata hizo ngazi, au dalili zake kwa njia nyingine kama AFM huna, na zaidi namna ya kujua kama ulichokiona ni ioni kweli au ni maji na uchafu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoingizwa mjini.

Kwa ambaye ndo anaanza: kimiminika cha ioni ni chumvi tupu, haina maji wala kiyeyushi ndani, ila inayeyuka chini ya nyuzi 100 za Selsiasi. Chumvi ya kawaida ya kula inataka nyuzi 801. Tofauti ni maumbo, ioni za huku ni kubwa, zimekaa shaghalabaghala, chanya na hasi hazilingani, na mara nyingi kationi ina mkia wa kaboni unaoning'inia, kwahiyo kutengeneza fuwele inakuwa shida. Paul Walden aliripoti ethilamonia naitreti mwaka 1914, inayeyuka kwenye nyuzi 12, na mpaka leo iko kwenye maabara nyingi zinazochunguza nyuso. Zingine utakazokutana nazo ni za imidazoli (kationi yenye pete ya kaboni na naitrojeni), kama EMIM-TFSI na BMIM-PF6; jina la kwanza ni la kationi, la pili ni la anioni. Nikisema "ukuta" humu ndani namaanisha popote kimiminika kinapoishia: jiwe, metali, hata hewa.

Anza na kikokotoo, sio na mashine

Kabla hujagusa kifaa chochote, tafuta ukubwa wa jozi moja ya ioni (kationi moja na anioni moja). Chukua masi ya moli, gawa kwa densiti, gawa kwa namba ya Avogadro, unapata ujazo wa jozi moja, afu toa kipeuo cha tatu. Ni dakika mbili tu na itakuokoa na aibu nyingi.

Hebu tuifanye kwa ethilamonia naitreti. Masi ni gramu 108.1 kwa moli, densiti ni kama gramu 1.21 kwa sentimita ya ujazo. Ukigawa hivyo unapata nanomita za ujazo 0.148, na kipeuo chake cha tatu ni nanomita 0.53. Kwahiyo ukiona ngazi za nanomita 0.5 hivi, zinaeleweka, ni jozi moja moja inasukumwa itoke. EMIM-TFSI ni kubwa zaidi, masi 391.3, densiti 1.52, inakuja 0.75. BMIM-PF6 inakuja 0.70. Andika namba yako kwenye karatasi, ibandike juu ya skrini. Siku utakapoona ngazi za 0.3 wakati jozi yako ni 0.75, utajua kuna kitu hakijakaa sawa: labda ni maji, labda kationi na anioni zimetengana kila moja na safu yake, labda kantileva yako (kijimkono kinachobeba ncha) hukuikalibreti vizuri. Bila ile namba utaziandika tu hizo 0.3 na kufurahi.

Hesabu hii inachukulia jozi kama boksi lenye pande sawa, na ioni sio boksi. Pete ya imidazoli ni bapa, ikilala kwenye grafaiti inachukua unene mdogo, ikisimama inachukua mwingi, na mkia ukiwa mrefu tabaka linanenepa. Kwahiyo namba ni ya kukuelekeza, tofauti ya asilimia kumi au kumi na tano isikunyime usingizi.

Kwa nini zinajipanga

Kuna sababu tatu na karibu kila mara zinafanya kazi pamoja, ndo maana watu wanabishana sana.

Ya kwanza haina hata uhusiano na chaji. Chumba kikijaa watu, walioegemea ukuta wanajikuta wako kwenye mstari bila mtu kuwapanga, wa nyuma yao wanafuata mstari ule kidogo, na katikati ya chumba ni vurugu tu. Kimiminika chochote chenye molekuli zilizosongamana kinafanya hivi kwenye ukuta mgumu na laini. Ndo maana ukuta ukiwa na mabonde, matabaka yanapotea: kama mkwaruzo wa ukuta unakaribia ukubwa wa ioni, kila kipande cha ukuta kinaanzisha mstari wake na mistari inafutana.

Ya pili ni chaji, na hapa ndo utamu ulipo. Kwenye maji yenye chumvi kidogo tumezoea kwamba ukuta wenye chaji unazungukwa na wingu la ioni za kinyume linalopungua taratibu. Ukijaribu kutumia fomula ya Debye, ile inayotoa unene wa wingu hilo, kwenye EMIM-TFSI, yenye karibu moli 3.9 za jozi za ioni kwa lita, unapata wingu lenye unene chini ya nanomita 0.1. Ioni yenyewe ni kubwa kuliko hiyo mara kadhaa! Fomula imegonga mwamba, manake inachukulia ioni ni nukta zisizo na ukubwa na ziko mbalimbali. Mwaka 2007 Alexei Kornyshev aliandika kwamba kwa vimiminika hivi inabidi tubadilishe fikra nzima, na picha iliyotoka hapo ni hii: ukuta ukiwa na chaji hasi ya kiasi, tabaka la kwanza linajaa kationi kupita kiasi, yaani linabeba chaji chanya nyingi kuliko inayotosha kufuta ile ya ukuta. Sasa hiyo ziada inabidi ifutwe, kwahiyo tabaka la pili linakuwa na anioni nyingi, nazo zinazidisha kidogo, la tatu linarekebisha, na mtindo unaendelea hivyohivyo ukipungua mpaka unaisha. Ukiongeza volteji sana mambo yanageuka. Chaji ya ukuta inakuwa kubwa kuliko tabaka moja linavyoweza kubeba, kwahiyo tabaka la pili nalo linajaa ioni za aina ileile, na ukanda mzima unanenepa. Bazant, Storey na Kornyshev waliziunganisha hali zote mbili kwenye nadharia moja mwaka 2011, na kwa maoni yangu ukitaka kusoma nadharia moja tu anza na ile.

Ya tatu ni mikia. Mkia wa kaboni hauna chaji, haupendi kukaa kati ya vichwa vyenye chaji, unatafuta mikia wenzake. Kuanzia mkia wa kaboni nne hivi, hata katikati ya chupa mbali na ukuta wowote, kimiminika kina visiwa vidogo vya mikia na njia za chaji zinazopita katikati yake. José Canongia Lopes na Agílio Pádua waliionyesha kwa simulesheni (uigizaji wa kompyuta) mwaka 2006, na eksirei zikaja kuona dalili zake. Ukiweka ukuta karibu, ule mpangilio uliokuwa umejikunja ovyo unanyooshwa tu kuwa matabaka. Na mikia ya kaboni 12, 14 na kuendelea inaweza kufanya baadhi ya hizi chumvi ziwe fuwele-miminika kabisa, matabaka chupa nzima bila msaada wa ukuta.

Hewani, ambako hakuna chaji wala ugumu, ni mikia inayotawala: inasimama ikitazama nje na vichwa vyenye chaji vinabaki chini yake. Unaweza kuiona kwa kipimo rahisi sana, mvutano wa uso. Maji ni kama 72 mN/m, BMIM-PF6 ni kama 44, ukirefusha mkia mpaka kaboni nane unashuka kwenye thelathini na kitu, unaanza kusogelea zile za mafuta ya haidrokaboni. Yaani kwa nje kimiminika kinaanza kujionyesha kama mafuta wakati ndani ni chumvi.

Chagua ukuta, afu chagua kimiminika

Kwa anayeanza nashauri ulanga na ethilamonia naitreti, wala usitafute makuu. Ulanga ukibandua kwa utepe wa gundi unapata uso ulio bapa mpaka kiwango cha atomu kwa eneo kubwa, na una chaji hasi nyingi, takriban moja kwa kila nanomita za mraba 0.48. Horn, Evans na Ninham walishaona kwa kifaa cha kupima nguvu za nyuso mwaka 1988 kwamba ethilamonia naitreti kati ya nyuso mbili za ulanga inatoka tabaka kwa tabaka, na mwaka 2007 Rob Atkin na Gregory Warr wakaonyesha kwa AFM tofauti kati ya ulanga, silika (oksidi ya silikoni) na grafaiti. Ulanga ulitoa ngazi nyingi, silika ambayo ina mikwaruzo ilitoa chache. Kwahiyo una kitu cha kujilinganisha nacho, na hiyo kwa mtu wa mwanzo ni dhahabu.

Grafaiti ni ya pili. Inabanduka vilevile, haina chaji yenyewe, inapenda mikia na pete bapa, na ina faida kwamba inapitisha umeme kwahiyo unaweza kuiwekea volteji. Dhahabu ni ya baadaye. Inahitaji kuchomwa kwa moto ili ipate sehemu pana zilizo bapa (uso wa fuwele unaoitwa (111)), na atomu zake za juu zinahamahama na volteji, utachanganyikiwa bure.

Kimiminika: epuka anioni za PF6 na BF4 kama huna sababu maalum. Zikikutana na maji, hasa kwenye joto, zinavunjika na kutoa HF, asidi inayokula kioo na silika na ni hatari sana kwa mwili, afu wewe unakaa unashangaa mbona uso wako umebadilika. TFSI ni tulivu zaidi kwa habari ya maji.

Usafi na ukavu, usiruke hapa

Kama kuna sehemu moja utakayoisoma mara mbili iwe hii. Vimiminika vya ioni vinanyonya unyevu wa hewa, hata vile visivyochanganyika na maji, na mtu anaona kwenye karatasi "ppm 1000 za maji" anasema aah, ni kidogo, ni asilimia 0.1 tu. Sasa hesabu kwa molekuli badala ya uzito. Molekuli ya maji ni masi 18, jozi ya EMIM-TFSI ni 391. Kwa ppm 1000 una molekuli moja ya maji kwa kila jozi 46 hivi. Kwa ppm 5000 ni moja kwa kila jozi tisa! Na maji hayakai yametawanyika sawasawa, yanakimbilia kwenye ukuta wenye chaji, palepale unapopima. Kwahiyo kiasi kinachoonekana hakina maana kwenye chupa kinaweza kubadilisha kabisa kile ncha inachokigusa.

Kausha kwenye vakyumu, nyuzi 60 hadi 80, huku kinakorogwa, usiku mzima au zaidi kwa kimiminika chenye mnato mkubwa, manake maji yanatoka kwenye uso tu na bila kukoroga yale ya chini hayana njia. Pima kwa Karl Fischer, kipimo cha kikemia cha kiasi cha maji. Lenga chini ya ppm 50 kama kimiminika chako ni cha jamii ya TFSI. Ethilamonia naitreti na wenzake waliotengenezwa kwa asidi na besi usiwape joto kali, kwa sababu protoni inaweza kurudi ilikotoka, ethilamini ikatoroka, ukabaki na kimiminika chenye asidi ya ziada, na pia naitreti yenye kaboni sio kitu cha kuchezea kwenye joto. Nenda taratibu, vakyumu nzuri, joto la wastani, na ukubali kwamba hakitakuwa kikavu kama zingine.

Kuna mtego mmoja kwenye ulanga ambao ni kinyume na haya yote. Ulanga uliobanduliwa umefunikwa na ioni za potasiamu, na ni mpaka hizo ziondoke ndo chaji hasi inafunuka na kationi zako zinapata nafasi. Maji ndo yanayozisaidia kuondoka. Kwahiyo kimiminika kikavu mno kwenye ulanga kinaweza kukupa mpangilio dhaifu kuliko chenye maji kidogo. Ndo maana nasema pima maji na uandike namba, usiseme tu "kilikuwa kikavu".

Uchafu mwingine: halidi (kama kloridi na bromidi) zilizobaki kutoka utengenezaji (matone ya naitreti ya fedha kwenye maji yaliyosuuzia yakitoa weupe ujue bado zipo), rangi ya njano kwenye kimiminika ambacho kinatakiwa kiwe hakina rangi, na grisi ya silikoni. Hii ya mwisho ni balaa. Ile grisi ya kwenye maungio ya vioo vya maabara inapanda juu ya uso na kukaa hapo, na kwa kuwa inapenda uso, kiasi kidogo sana ndani ya chupa kinafunika sehemu kubwa ya juu. Watu wa XPS (kipimo kinachopiga uso kwa eksirei na kusoma elektroni zinazotoka) wameiona mara nyingi kama silikoni ambayo haikutakiwa kuwepo. Tumia maungio ya PTFE (Tefloni), basi.

Kupima kwa AFM

Kwanza kalibreti kantileva kwa njia ya mtetemo wa joto, nje ya kimiminika, kabla ya kulowesha. Ndani ya kimiminika chenye mnato mtetemo unazimwa na namba inakuwa ya kubahatisha. EMIM-TFSI ina mnato kama mara 35 au 40 wa maji, BMIM-PF6 inapita mara 250, kwahiyo usishuke kwa kasi uliyozoea kwenye maji. Ukishuka haraka, msuguano wa kimiminika unasukuma kantileva na unaona nguvu inayopanda mapema, laini, kama vile kuna msukumo wa umeme wa mbali. Punguza kasi mara mbili uone. Kama ile nguvu ya mbali inapungua na kasi, haikuwa ya ioni. Makumi machache ya nanomita kwa sekunde, au chini ya hapo, ni mwanzo mzuri.

Acha kifaa kitulie, saa nzima au zaidi baada ya kuweka tone. Joto likibadilika kidogo tu kila kitu kinahama, na unatafuta ngazi za nusu nanomita.

Ncha iwe kali. Butu inagusa eneo kubwa, matabaka yanatoka kwa nyakati tofauti sehemu tofauti, ngazi zinafifia. Afu ukiisukuma kwa nguvu sana mara ya kwanza utaibutua mwenyewe, kwahiyo anza na kikomo kidogo cha nguvu, ona ngazi za nje, ndio uongeze.

Sasa ukipata grafu, usichukue ile moja nzuri ukakimbia nayo. Chukua mamia, toa nafasi ya kila ngazi, chora histogramu. Vilele vikijitenga kwa umbali sawa na ile namba uliyobandika juu ya skrini, uko kwenye njia. Tazama pia nguvu ya kuvunja kila tabaka, inatakiwa iongezeke kadri unavyoingia ndani. Na usisahau jambo hili moja linalosumbua hata wazoefu: AFM haijui ukuta uko wapi. "Sifuri" yako ni pale ncha ilipogoma kabisa, na inawezekana kabisa kuna tabaka la kationi limeng'ang'ania ulanga ambalo hukulivunja. Kwahiyo tabaka unaloliita la kwanza linaweza kuwa la pili. Ongeza nguvu pole pole uone kama kuna ngazi moja zaidi iliyojificha.

Kisha jaribu kuiharibu picha yako kwa makusudi. Weka maji kiasi unachokijua, rudia. Panda joto nyuzi kumi au ishirini, rudia. Badilisha ulanga kwa silika yenye mikwaruzo, rudia. Mpangilio wa ioni unatakiwa uitikie haya yote kwa mwelekeo unaoeleweka: silika ngazi chache, joto zaidi matabaka dhaifu. Kama ngazi zako zinabaki vilevile ukiwa umebadilisha kimiminika kizima kwa kingine chenye jozi kubwa zaidi, basi unapima kitu kingine, pengine uchafu ulio kwenye ncha yenyewe.

Kama huna AFM, au unataka ushahidi wa pili

Uakisi wa eksirei unakupa wasifu wa densiti ya elektroni kutoka ukutani kwenda ndani bila kugusa chochote. Kwa matabaka yenye kipindi cha nanomita 0.75 tafuta dalili kwenye q (kipimo cha mtawanyiko wa eksirei kwenye grafu ya uakisi) ya karibu 8.4 kwa nanomita (ni 2π gawa kwa 0.75), ambako uakisi umeshashuka sana, kwahiyo kwa kawaida unahitaji sinkrotroni, mashine kubwa inayotoa eksirei kali sana. Mwaka 2008 Markus Mezger na wenzake walitumia eksirei za nguvu kubwa kwenye yakuti yenye chaji na vimiminika vyenye florini, wakaona safu zinaanza na kationi ukutani kisha zinapungua kadri unavyoingia ndani. Hiyo ilikuwa kubwa kwa sababu hakuna ncha iliyobana kitu chochote; AFM na vifaa vya nguvu za nyuso siku zote vina mashaka kwamba wewe ndiye uliyezipanga ioni kwa kuzibana katikati ya kuta mbili.

Kwa upande wa hewa tumia XPS. Kwa vimiminika vingi vya kawaida haiwezekani sababu vakyumu inavivukiza, lakini hivi havivukizi kwa joto la kawaida kwa kiasi cha kusumbua. Ujanja ni kubadilisha pembe: ukipokea elektroni wima unaona nanomita saba hadi tisa, ukilaza mpaka nyuzi 80 kutoka wima unaona moja au moja na nusu tu. Kama kaboni za mkia zinaongezeka ukilaza, mikia iko juu. Imeisha hiyo.

Kwenye elektrodi unaweza kupima kapasitansi (uwezo wa kubeba chaji) dhidi ya volteji. Nadharia ya zamani ya maji yenye chumvi kidogo inatoa umbo la U, vimiminika vya ioni vinatoa mara nyingi kilele kimoja katikati au vilele viwili. Ila kuwa mwangalifu, kipimo hiki ni cha jumla, hakikuonyeshi tabaka hata moja, na maumbo tofauti kabisa ya mpangilio yanaweza kutoa grafu inayofanana. Pia ioni zina uvivu: ukipandisha volteji unapata grafu moja, ukishusha unapata nyingine. Pima pande zote mbili, subiri kati ya hatua, na ukiweza pima masafa mengi badala ya moja.

Simulesheni

Programu ya GROMACS au LAMMPS, kuta mbili, kimiminika katikati, unapata wasifu wa kila ioni bure. Kuna mambo ya kuzingatia. Acha nafasi ya kutosha, angalau nanomita saba au nane za kimiminika, ili katikati pawe na eneo lisilojua kuna ukuta. Chaji kamili za +1 na −1 kwenye modeli rahisi zinafanya ioni ziwe nzito kusogea kupita uhalisia, ndo maana wengi wanapunguza mpaka 0.8 hivi au wanatumia modeli zenye upolaraizi (elektroni za ioni zinaruhusiwa kuvutwa na majirani). Anza na joto kali, Kelvin 500 hivi, kisha shusha taratibu, manake ukianzia kwenye joto la kawaida ioni zinabaki pale ulipoziweka na wewe utachapisha mpangilio wa kichwani mwako.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote cha kujua kama umefika: weka kuta mbili zinazofanana kabisa. Wasifu wa kushoto lazima uwe kioo cha ule wa kulia. Kama haulingani, bado, endesha zaidi. Watu wanasema walifika kwa sababu nishati imetulia, nishati inatulia mapema sana hapa, usiiamini.

Ukishapata wasifu, jumlisha chaji kuanzia ukutani kwenda ndani. Kama jumla ya ioni inavuka kiasi cha chaji ya ukuta kisha inarudi, umeona ile kuzidisha niliyoieleza juu, kwa macho. Kwa mwelekeo wa pete tumia P2, wastani wa (3cos²θ − 1)/2, ambapo θ ni pembe kati ya wima wa pete (mstari unaosimama wima juu ya bapa lake) na wima wa ukuta: 1 pete zimelala bapa, −0.5 zimesimama, 0 hazina mpango. Zingatia hilo la wima wa pete, kuna watu wanatumia mhimili mwingine na namba zinageuka maana.

Nguvu za mbali

Utakutana na mada hii mapema. Matthew Gebbie na wenzake mwaka 2013, kisha kundi la Susan Perkin mwaka 2016, waliripoti kutoka vifaa vya nguvu za nyuso msukumo unaofika nanomita kadhaa, mbali kupita mwisho wa matabaka, kana kwamba sehemu kubwa ya ioni haishiriki kufuta chaji. Simulesheni na nadharia bado hazijakubaliana na ukubwa wa umbali huo, na mjadala unaendelea. Kwa kazi yako ya mwanzo tenganisha mambo mawili: ngazi zenye kipindi cha jozi moja ni habari moja, mkia laini wa nguvu unaoendelea baada ya ngazi kwisha ni habari nyingine, na usizifiti zote kwa fomula moja. Kwenye mkia huo ndipo msuguano wa kimiminika unapodanganya zaidi, kwahiyo kabla hujaupa jina lolote upime kwa kasi tatu tofauti, kwenda na kurudi, na sampuli uliyomaliza kuitumia irudishe kwenye Karl Fischer siku hiyohiyo, manake tone lililokaa wazi chini ya AFM mchana kutwa halina tena maji yale uliyoyapima asubuhi.